Rodi Kwenye Kikaangio

Kabla hakujapambazuka, rodi zilianza kulia kwenye kikaangio. Zililia kidogo tu, tin, tin, jinsi zinavyogongana mtu anapozigeuza kwa mwiko wa mti. Kellen alikuwa macho tangu muda mrefu. Alijua bibi yake, Kaaka Edisa, ameketi kwenye kigoda mbele ya sigiri, shali imemfunika mabega, anakaanga vyuma kama mwingine anavyokaanga karanga.

Kazi hiyo Kaaka aliianzisha mwenyewe mwaka jana, Kellen alipoingia kozi ya uchomeleaji kwenye chuo cha jamii pale Kasese. Rodi ni vile vijiti vya chuma vilivyopakwa unga mgumu, ambavyo fundi huviyeyusha ili kuunga chuma na chuma, na adui yake ni unyevu. Tanuri ya chuo ya kuzikaushia iliharibika muhula wa kwanza, na Mwalimu Twinomujuni akawaambia wanafunzi kila mmoja achukue za kwake akazikaushe nyumbani. Wengi walizianika juani na kuzisahau. Kaaka Edisa alikaa Kilembe, kwenye safu ya nyumba za mgodi, karibu sana na mto Nyamwamba hivi kwamba hata chumvi kwenye kopo ilikuwa inalowa. Alisema hilo ni jambo dogo. Akatoa kikaangio chake kizuri, na tangu siku hiyo hakukikaangia tena mayai.

"Kellen," aliita. "Umeamka?"

"Nimeamka, Kaaka."

"Uji uko tayari. Nimekukaushia mafungu mawili. Moja lako, moja la yule kijana, Akena. Ukitoka Bwera umpelekee. Hana mtu wa kumkaushia, ndiyo maana chuma chake kilikatika."

Kellen alivuta blanketi hadi usoni, akakaa humo ndani na pumzi yake mwenyewe.

Chuma kilichokatika hakikuwa cha Akena.

Parokia moja ya mpakani ilikuwa imeomba chuo kitengeneze baiskeli tano za magurudumu matatu, zile za kuendeshwa kwa mikono, kwa walemavu wanaofanya biashara ya kuvuka mpaka wa Mpondwe kuingia Kongo. Ya tano waliitengeneza Kellen na Akena. Uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu, una miguu miwili. Akena alichomelea mguu wa kulia, Kellen wa kushoto. Asubuhi ile Kaaka alikuwa na homa, amelala amegeukia ukutani, na kwa mara ya kwanza rodi zilitoka nyumbani jinsi zilivyolala, baridi na nzito. Kellen angeweza kusema, "Mwalimu, rodi zangu hazijakauka." Maneno manne tu. Lakini gari la parokia lilikuwa limeshafika, dereva anapiga honi, na yeye alizoea kuwa mwanafunzi ambaye kazi yake hairudishwi.

Rodi zilitema na kukohoa. Alipogonga ganda na kulitoa, mshono ulikuwa na matundu kama kitumbua. Alijua la kufanya: kuusaga wote, kuanza upya. Badala yake aliulainisha juu kwa grinda, akaziba matundu kwa fila, ile pasta ya kuzibia ya mafundi wa bodi za magari, akapaka rangi ya bluu.

Na kulikuwa na desturi moja pale chuoni ambayo Mwalimu hakumsamehe mtu aliyeiruka. Kabla ya rangi, kila mchomeleaji hugonga namba yake kando ya mshono wake kwa muhuri wa chuma. Akena ni tisa. Kellen ni kumi na saba. Lakini fila ikigongwa nyundo karibu inapasuka, kwa hiyo Kellen hakugonga kitu. Mwalimu alipopita aliona tisa upande wa kulia, kushoto akapitisha kiganja tu juu ya rangi, honi ikalia tena, akasema pakieni.

Wiki ya tatu, kwenye mteremko wa kwenda Mpondwe, mguu wa kushoto ulikatika. Mwenye baiskeli, mama wa Kikongomani aitwaye Blandine, alianguka na mzigo wake akavunjika mkono wa kulia.

Walitumiwa picha kwenye simu. Mwalimu aliikuza kwa vidole viwili mbele ya darasa, akasema, "Uma huu una namba moja tu, basi fundi wake ni mmoja. Tisa."

Akena alisimama. Alikuwa mrefu, mtoto wa mfanyakazi wa saruji aliyehamia kutoka kaskazini, na kila aliposimama alikuwa kama anaomba radhi kwa urefu wake. "Tisa ni yangu, Mwalimu," alisema. Huo haukuwa uongo. Kisha alimtazama Kellen mara moja, muda wa kumtosha mtu kuinuka kwenye benchi. Kellen hakuinuka. Akena akageuza macho kwenye ubao, na tangu siku hiyo hakumtazama tena.

Mwalimu alimzuia kufanya mtihani wa mwisho, asubiri kundi la mwakani. Mtihani ulikuwa Jumatano ijayo. Kellen hakupata adhabu yoyote. Alipata sifa: plasta ya yule mama ilikuwa karibu kutolewa, baiskeli bado haijatengenezwa, na Mwalimu alitaka mkono ulio imara uende Bwera, alikokaa mama huyo, Jumamosi kuirekebisha. "Wewe, Kellen," alisema. "Nenda ukatutoe aibu."

Nyumbani nako mambo hayakuwa mepesi. Kaaka aliposikia habari za ajali alishika kifua na kuuliza, "Zile rodi, ni za siku ile nilipolala?" Kellen akajibu upesi, "Hapana, Kaaka. Ni za Akena." Alijiambia amesema hivyo ili mzee asijilaumu kwa homa yake. Lakini alijua sehemu hiyo ya sababu ilikuwa ndogo kuliko ile nyingine.

Jumamosi hii akatoka kitandani, akanywa uji wake. Kaaka alimfungia mafungu mawili ya rodi kwenye magazeti, akamwekea na mikono ya kujikingia cheche, ile aliyomshonea kutokana na ovaroli ya marehemu babu ya enzi za mgodini. Mlangoni alimtia mayai mawili ya kuchemsha mfukoni.

"Moja la huyo mama," alisema. "Mtu mgonjwa hafikiwi mikono mitupu."

Nje kulikuwa kunaanza kupata nuru. Alipofika barabarani Kellen aligeuka, akamwona bado amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

Bwera alifika jua likiwa limeshapanda. Aliuliza nyumba ya Mama Blandine wa baiskeli, na mwanamke muuza ndizi akaacha meza yake, akampeleka mpaka kwenye kona, kisha akarudi mbio kwa wateja wake bila kungoja asante. Chumba cha Mama Blandine kilikuwa nyuma ya karakana ya fundi mmoja, Yafesi, mwenye tumbo kubwa na kofia ya sufu. Baiskeli ilikuwa imesimamishwa kwenye tofali pale karakanani, gurudumu la mbele limening'inia.

"Chuo kimenitumia msichana," Yafesi alisema, akimpima kwa macho. "Afadhali. Wavulana wanachoma chuma kama wanachoma nyama ya mbuzi."

"Umeme upo, Mzee?"

"Upo, lakini hauna adabu. Fanya haraka kabla haujakasirika." Kisha akainama, akaupitisha ukucha wake pale uma ulipokatika. Unga mweupe ukabaki kwenye ukucha. "Umeona hii? Fila. Kwenye uma unaobeba mtu na magunia! Mimi nimetengeneza vyuma miaka thelathini hapa. Mwanafunzi asiyejua kazi angeyaacha matundu yake wazi, kila mtu ayaone. Huyu alijua. Alijua kabisa, akapaka rangi nzuri."

Kellen alifungua begi lake polepole ili asimtazame usoni.

"Yafesi, acha mutoto apumuzike," sauti ilisema kutoka mlangoni. "Metoka mbali."

Mama Blandine alikuwa ameketi kwenye mkeka kizingitini, miguu yake membamba imekunjwa chini ya kitenge, mkono wa kulia kwenye plasta iliyochafuka kwenye kingo. Alikuwa na uso mpana, mtulivu. Polio ilimshika Butembo akiwa na miaka minne, na vita vilimleta Bwera akiwa na arobaini. Kati ya hapo alikuwa amejifunza kukokota mizigo, kubishana na maafisa wa ushuru wa pande zote mbili, na kucheka kabla watu hawajaanza kumwonea huruma.

"Karibu, mama," alimwambia Kellen, aliyekuwa mdogo kuliko watoto wake. "Iko chai. Minapika na mukono moja, lakini chai haijue."

Kellen alipiga magoti kumsalimu, akampa yai. "Bibi yangu amekutumia."

"Bibi yako ananijua?"

"Hapana. Alisikia tu unaumwa."

Mama Blandine aliligeuza yai mkononi kama kitu cha thamani. "Ona," alisema. "Mutu hata hanijui."

Aliweka yai juu ya dirisha, hakulila. Akamimina chai kwa mkono wa kushoto, ikamwagika kidogo, naye akafuta kwa ncha ya kitenge bila haraka. Akaanza kueleza jinsi siku zilivyo ndefu kwa mtu ambaye anatembea kwa mikono na mkono mmoja umefungwa. Wenzake wa chama cha walemavu walikuwa wanamvushia maharage yake kwa zamu, kila mmoja akiongeza gunia la Mama Blandine juu ya la kwake, na hakuna aliyemdai asante. Jirani alimbeba mgongoni kwenda misa. "Mutu mukubwa kama miye, mugongoni," alisema, akacheka. "Padri alisema, leo Blandine amekuya juu ya farasi."

Kellen alicheka naye kidogo, kikombe kimetulia magotini.

"Na ule kijana mulefu," Mama Blandine aliendelea, "ule alivunja kinga yangu." Kinga ndiyo baiskeli kwa Wakongomani. "Akena. Unamujua?"

"Tuko darasa moja."

"Alikuyaka hapa mara mbili. Siku ya Mungu, kiisha tena siku ya Mungu ingine. Kutoka Kasese! Alinishotea maji, madumu ine. Alifula mablanketi yangu yote, pale inje, banawake beko banamucheka. Nikamuambia, mutoto, ikala, ukule ugali. Akakataa. Akasema hawezi kukula kwangu." Alitikisa kichwa. "Nilimuambia, bon, chuma ni chuma, inavunjika. Nimekusamehe. Unajua alisema nini?"

"Sijui, Mama."

"Alisema, Mama, ile musamaha uiweke kwanza."

Chai ilikuwa ya tangawizi, tamu, na Kellen hakuinywa. Aliiweka chini. Alisema atafanya kazi kwanza kabla umeme haujapotea, akainuka, na Mama Blandine akamwambia kwa upole kwamba chai itamngoja, atafunika kikombe kwa sahani inzi wasiingie.

Karakanani alivaa mikono ya ovaroli ya babu. Alichukua grinda ya Yafesi, akauondoa mshono wa zamani wote. Fila ilitoka kwanza, vumbi jeupe lililomwingia puani, kisha chuma chenyewe chenye matundu. Kila tundu alilitambua. Alikuwa ameyaona siku ile kwa sekunde chache tu, lakini kwa wiki nyingi sasa alikuwa akiyaona kila alipofumba macho, na sasa yalikuwa pale pale alipoyaacha. Alisaga mpaka chuma kikawa kinang'aa, hakuna hata doa.

Akafungua fungu lake la rodi. Gazeti lilikuwa bado lina joto kidogo la mfukoni mwa begi, au yeye ndiye aliyetaka liwe nalo. Alivaa barakoa, akashusha kioo cheusi, akagusa chuma kwa ncha ya rodi. Rodi haikukohoa. Ilivuma kwa sauti moja nyororo, kama mafuta yakikaangia kitu taratibu, na dimbwi dogo la moto likatembea mbele ya mkono wake likiacha mshono nyuma yake. Hakukimbiza. Alifika mwisho, akangoja upoe wenyewe, akagonga ganda likadondoka kipande kizima.

Yafesi alivaa miwani. Alikagua kwa muda mrefu, akapitisha kidole. "Hii," alisema, "ni ya kuzikwa nayo."

Kellen alitoa muhuri wake begini. Aliuweka kando ya mshono, akagonga mara moja. Kumi na saba.

"Vizuri," Yafesi alisema. "Sasa kulia tisa, kushoto kumi na saba. Tisa akiuliza, tutamwambia kushoto hakuna tena chake."

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi ya kunyamaza tena. Ingekuwa rahisi kuchukua kopo la rangi. Rangi ilikuwa pale kwenye rafu, bluu ile ile. Angepaka, angekunywa chai yake iliyofunikwa sahani, angerudi Kilembe jua likiwa bado lipo. Jumatano angefanya mtihani na angefaulu, maana mkono wake ulikuwa mzuri, kila mtu alisema hivyo. Kaaka angekaanga rodi za watu wawili kila alfajiri, mmoja wao kijana ambaye hana pa kuzitumia.

"Kushoto hakukuwa kwake hata mwanzo," Kellen alisema.

Yafesi alivua miwani.

Kellen alitoka nje, akapiga magoti tena mbele ya mkeka, safari hii si kwa salamu. "Mama, Akena alichomelea mguu wa kulia, nao haukukatika. Uliokatika ni wangu. Rodi zilikuwa na unyevu. Niliona matundu, nikayaziba kwa fila, nikapaka rangi. Sikugonga namba yangu. Mwalimu alipouliza darasani, nilinyamaza. Mpaka leo nilikuwa nimenyamaza."

Mama Blandine alimtazama, kisha akatazama plasta yake, kisha yai lililokuwa dirishani. Ndani ya karakana Yafesi alizima redio iliyokuwa ikiimba chinichini.

"Ule kijana alijua?" Mama Blandine aliuliza.

"Alijua. Tulikuwa pamoja."

"Na alifula mablanketi yangu." Sauti yake haikupanda. "Miye nilimusamehe mutu mwengine juu ya kosa yako. Nilikaa hapa, nikamuombea mutu mwengine. Unaona ile kitu ulifanya? Haiko mukono peke yake."

"Naona, Mama."

"Unalia?"

"Hapana." Lakini alikuwa analia.

"Lia, umalize. Iko simu yako? Muite mwalimu. Hapa, mbele yangu. Ukienda kwanza kwenu, njia iko mulefu, utabadilika kichwa."

Kellen alifuta mikono kwenye apuroni, akapiga simu. Mwalimu Twinomujuni aliitika kwa furaha, akauliza kama kazi imekwisha. Kellen alimweleza yote, kama alivyomweleza Mama Blandine, na maneno hayakuwa mepesi zaidi kwa kuwa ya mara ya pili.

"Nilipitisha kiganja," Mwalimu alisema, kana kwamba anajisemesha. "Nilipitisha kiganja juu ya rangi nikaliacha gari liondoke." Akapumua. "Jumatano Akena atakaa kwenye mtihani. Wewe hutakaa. Utarudi na kundi la mwakani, na mpaka hapo utakuwa unafungua karakana asubuhi na kukagua mishono ya mwaka wa kwanza, tundu kwa tundu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mwalimu."

"Akena nitamwambia habari za mtihani. Hayo mengine umwambie wewe." Kisha, kabla hajakata, "Mshono wa leo ukoje?"

Yafesi, aliyekuwa amesogea mlangoni, aliinama kuelekea simu. "Mwalimu, hata tembo akae juu," alisema.

Simu ilipokatika, Kellen alibaki amepiga magoti. Hakujua kama aombe msamaha au aondoke. Mama Blandine alinyoosha mkono wake mzima, akaondoa sahani juu ya kikombe, akakisogeza.

"Kunywa. Imepoa, lakini ni yako."

Alikunywa. Ilikuwa imepoa kweli, akaimaliza. Mama Blandine aligonga yai kwenye plasta yake, akaanza kulimenya kwa vidole vya mkono mmoja, na Kellen aliponyoosha mikono kumsaidia hakukatazwa. Wakaligawana nusu kwa nusu. La pili, lile la kwake, Kellen alimpa Yafesi, ambaye alilimeza kwa mara mbili na kusema bibi huyo anajua kuchemsha.

"Ni yeye anayekausha rodi zangu," Kellen alisema. "Kwenye kikaangio. Kila alfajiri. Siku ile alikuwa na homa."

"Anakaanga chuma?" Mama Blandine aliuliza.

"Anazigeuza kwa mwiko, Mama. Sasa anakaanga na za Akena. Anadhani rodi za Akena ndizo zilizokuwa mbichi." Kellen alilitazama lile fungu la pili begini, gazeti bado limefungwa kamba jinsi Kaaka alivyoifunga, mafundo mawili. "Nilimwambia hivyo."

Mama Blandine alitafuna, akameza, akapangusa midomo. Alitazama baiskeli yake juu ya tofali, uma umenyooka, chuma kipya bila rangi kikimetameta kwenye jua.

"Akena nilimusamehe mbio, juu hakukuwa na kitu ya kusamehe," alisema. "Wewe, bado. Yako inataka muda."

"Ndiyo, Mama."

"Wiki mbili banatosha plasta, mukono inabaki wazi. Ijumaa yake ni siku ya soko, na nitashuka ule mulima na kinga. Unakuya kutembea mbele yangu. Ikivunjika tena, nikuangukie wewe."

Yafesi alicheka mpaka kofia ikamwinamia. Mama Blandine hakucheka, ila kona ya mdomo wake ilisogea kidogo.

"Nitakuja," Kellen alisema.

"Na bibi yako, iko na nguvu ya safari?"

"Ana nguvu."

"Basi leo ukifika, umuambie yote, kama vile umeniambia miye. Kiisha mukuye naye. Nataka kumuona ule mutu anakaanga chuma, anatumia yai kwa mutu hamujui." Alimshika Kellen kiganja, kile chenye masizi, akakishikilia. "Usiniache niko minangoja hapa mulangoni. Mutakuya?"